Mikono kufa ganzi na kulowa kwenye pikipiki wakati wa kipupwe: naomba msaada

Bibi Shamba wa Uwemba ameuliza:

Ndugu zangu waendesha pikipiki, nawasalimu nyote. Mimi ni afisa ugani mkoani Njombe, na kila siku ya kazi hutoka nyumbani saa 12 asubuhi kwa pikipiki ya cc 125 kwenda kuwaona wakulima wa viazi mviringo upande wa Uwemba na vijiji vinavyopakana nayo. Walio Dar es Salaam au Tanga huenda wakashangaa kumsikia mtu akililia baridi katika nchi hii, lakini mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zetu ni za ukungu mzito na manyunyu yasiyokatika. Usiku anga likiwa wazi, kunakucha majani ya viazi yamepakwa sakitu nyeupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi.

Tatizo langu ni mikono. Mwili mwingine naumudu kwa sweta mbili, jaketi, koti la mvua na buti za mpira. Vidole ndivyo vinavyonishinda. Baada ya dakika kama 20 za mwendo ncha zake huanza kuuma, kisha maumivu hupotea, na hapo ndipo hofu yangu huanza, maana najua kwamba nimeshakufa ganzi.

Juma lililopita nilifika kwa mkulima mmoja nikashindwa kuzungusha ufunguo ili nizime pikipiki, hata ikanibidi niubane kati ya viganja viwili kama mtu anayesali ndipo ukageuka. Mama mwenye shamba alinivua glavu yeye mwenyewe, akazikamua mbele yangu, na maji yaliyotoka yangetosha kikombe cha chai. Siku mbili baadaye ndama alikatiza barabara ghafla, nami nikavuta breki ya mbele kwa vidole ambavyo havikuhisi kabisa kama vimegusa kitu. Pikipiki ilikuja kusimama mbele ya pale alipokuwa yule ndama, na kilichotuokoa sote wawili ni kwamba hakusimama, alikimbia. Tangu siku ile sijaendesha kwa amani.

Nimekwisha kujaribu glavu za sufi za mtumba, ambazo ni nzuri nikiwa nimesimama, lakini nikianza kwenda upepo hupita kana kwamba sijavaa kitu. Nimejaribu za ngozi pia. Zinazuia upepo vizuri, ila zikishalowa huchukua siku mbili kukauka, na mimi kesho yake nahitajika kazini. Nimeona vijana wa bodaboda wakifunga vifuniko vikubwa kwenye usukani, na nimesikia kwamba vipo vishikio vinavyopata moto kwa umeme, lakini naogopa vitaninyonyea betri niachwe porini. Jambo jingine linanitatiza zaidi: mkono wa koti langu la mvua unafika hadi juu ya glavu, sasa maji haya yanaingilia wapi? Mshahara wangu mnaujua, kwa hiyo naomba njia ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu.

Fundi wa Kinangop amejibu:

Dada, pole sana kwa hayo, na ashukuriwe Mungu kwamba ndama alikuwa na haraka. Mimi ni fundi wa pikipiki huku Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, na kabla ya kufungua karakana nilibeba maziwa kwa pikipiki kwa miaka 6, kutoka kwa wafugaji hadi kituo cha kukusanyia, nikianza safari saa 11 alfajiri. Julai yenu na Julai yetu ni mapacha, kwa hiyo ninayokueleza nimeyapitia kwa vidole vyangu.

Nianze na sababu, kwani ukiielewa hutapoteza fedha kwa kununua glavu nene moja baada ya nyingine. Sufi yenyewe haitengenezi joto, kazi yake ni kuishika ile hewa iliyokwisha kupashwa na mwili wako ili isiondoke. Ukiwa umesimama, hewa hiyo inatulia, nawe unaona glavu ni nzuri. Ukifikisha kilomita 60 kwa saa, upepo unaifukuza hewa ile kila sekunde na kuingiza ya baridi. Kwa hesabu zinazotumiwa kupima baridi ya upepo, asubuhi yenye nyuzijoto 10 ngozi iliyo wazi kwa mwendo huo huhisi kama iko kwenye nyuzijoto 5, na asubuhi ya nyuzijoto 5 huhisi kama iko chini ya sifuri. Ongeza maji sasa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana glavu iliyolowa inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuzuia upepo na maji visifike kwenye glavu yenyewe, na kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa bei ya chini kuliko vyote ni vile vifuniko ulivyoviona kwa vijana.

Usivicheke kwa sura yake. Mshonaji yeyote wa viti vya pikipiki anaweza kukutengenezea kwa ile ngozi ya plastiki anayoshonea viti, na kwa ndani akaweka kipande cha blanketi kuukuu. Umbo lake ni kama mkono mpana wa koti uliozibwa upande wa mbele: upande mmoja unafungwa kwenye usukani nje ya vioo, ukifunika kishikio, swichi na wenzo wa breki au klachi, na upande mwingine ni mdomo ulio wazi unaokuelekea wewe, ambamo unaingiza mkono.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa kosa langu la kwanza lilinigharimu. Nilivishona laini, bila kitu cha kuvisimamisha ndani. Nikiwa nimesimama vilikaa vizuri kabisa, lakini nikikimbia upepo uliibonyeza ile ngozi ikaulalia wenzo wa klachi, na klachi ikawa imevutwa kidogo muda wote bila mimi kujua. Baada ya mwezi mmoja sahani za klachi zilikuwa zimeungua. Upande wa kulia mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kifuniko kiliigusa breki na taa ya nyuma ikabaki inawaka, hata aliyekuwa nyuma yangu asingeweza kujua ni wakati gani ninafunga breki kwa kweli. Dawa yake ni kuweka ndani duara la waya mzito, wa unene kama wa milimita 4, linalobaki umbali wa vidole viwili mbele ya wenzo. Wengine huku hukata dumu la lita 5 kwa urefu, wakafunga nusu moja kila upande kwenye nati ya kioo ili iwe ngao, kisha kifuniko cha ngozi kikaja juu yake. Ile ngao peke yake, hata bila kifuniko, inakata sehemu kubwa ya upepo, kwa hiyo ikiwa fedha bado, anza na dumu.

Mdomo wa kifuniko uwe mpana kiasi kwamba ngumi yako ikiwa ndani ya glavu inaingia na kutoka bila kugusa kingo. Kamwe usikubali kuwekewa mpira wa kubana au kamba ya kufunga kwenye mkono, kwani siku ukianguka mkono lazima utoke wenyewe. Chini kabisa toboa tundu dogo ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Ukimaliza kufunga, washa injini ukiwa umesimama na ukate usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio wa injini ukipanda, ujue kifuniko kinavuta waya wa mafuta, nacho kirekebishwe kabla hujatoka nje ya lango. Kisha tumia jioni moja uani kujizoeza kutoa na kurudisha mikono, na kutafuta honi na taa za kuashiria kwa kupapasa, kwa sababu ndani huoni kitu.

Ukishakuwa na vifuniko hivyo, glavu nyembamba itakutosha, na hilo ndilo ninalokutakia zaidi kwa ajili ya yule ndama. Kwa kilomita 60 kwa saa unamaliza karibu mita 17 kila sekunde. Kidole kilichokufa ganzi ndani ya glavu nene kikichelewa sekunde moja, mita hizo zote zimekwenda.

Mpeleka Vifurushi, Birmingham, amejibu:

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na hii ni baridi yangu ya tano nikipeleka vyakula na vifurushi kwa pikipiki ya cc 125 hapa Uingereza. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, nyuzijoto hukaa kati ya 0 na 5 kwa majuma, na mvua yake si ya kishindo kama ya masika, ni ile inayokunyeshea polepole kutwa nzima. Mtoto wa pwani nilifika huku sijui hata glavu huvaliwaje. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikilia machozi halisi mlangoni kwa wateja, damu inaporudi kwenye vidole.

Fundi amesema kweli tupu kuhusu vifuniko. Madereva wazoefu wa kazi hii huku wanavyo, na mtu anayekataa kuvifunga kwa sababu ya sura yake humwona amevifunga ifikapo Januari. Mimi nitaongeza habari za glavu zenyewe, na lile swali la maji linaingilia wapi, kwa kuwa nililihangaikia kwa muda mrefu.

Glavu zinazouzwa kwa jina la kutopitisha maji huwa na utando mwembamba uliofichwa katikati, kati ya ngozi ya nje na kitambaa cha ndani. Utando huo unaweza kufanya kazi yake sawasawa, maji yasiguse mkono, na bado ukaganda kwa baridi. Hii ni kwa sababu ngozi ya nje inakunywa maji kama sifongo, kisha upepo unapoyakausha maji hayo yanaondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa kwa kutokwa jasho nje. Ukikuta glavu iliyo kavu ndani na vidole vimekufa, sababu mara nyingi ndiyo hiyo. Tabaka la nje la mpira halina tatizo hili, kwa kuwa halinywi maji.

Kwa hiyo ninachovaa siku za mvua ni kitu ambacho wavuvi na wafanyakazi wa vyumba vya barafu wanakijua: glavu nyembamba za sufi kwa ndani, na juu yake glavu za mpira kama zile za kuoshea vyombo, ila nzito zaidi na zenye ukubwa wa namba mbili kuzidi mkono wangu. Ukubwa huo ni wa lazima. Ukibanwa, damu haipiti, na hewa ya kushika joto haina pa kukaa. Ubaya wake ni jasho, maana mpira haupumui, na sufi ya ndani huwa na unyevu baada ya saa moja au mbili. Sufi ina wema wake, kwani hata ikiwa na unyevu haikuachi kabisa kama pamba inavyokuacha, lakini mimi hubeba jozi tatu za ndani kwenye mfuko wa nailoni na kubadilisha ninapopumzika. Jozi tatu za ndani ni rahisi kuliko jozi moja ya glavu ghali. Na usijaribu kuvaa glavu yenye kitambaa cha ndani ukiwa na mkono uliolowa, maana kitambaa kitanasa kwenye vidole, kitatoka nje chote unapoivua, na kukirudisha barabarani ni mateso.

Sasa maji. Unapoendesha, mkono wako umeinamia mbele kuanzia bega hadi kishikio, kwa hiyo mvua inayokupiga kifuani na mabegani inateremka juu ya koti kufuata mkono, na inatafuta mwisho wa mteremko. Kama glavu ndiyo iliyo juu ya koti, mdomo wake ni kama faneli. Kama koti ndilo lililo juu, maji yanapaswa kumwagikia nje, na wewe umesema lako liko juu. Nadhani kosa liko hapa: ulijaribu koti lile ukiwa umesimama. Ukikaa ukanyoosha mikono kushika usukani, mkono wa koti hurudi nyuma kiasi cha vidole vitatu au vinne, na upepo unaufungua kama mdomo. Mwambie mtu, hata mtoto wa nyumbani, akumwagie kikombe cha maji begani ukiwa umekaa juu ya pikipiki umeshika usukani, nawe utazame tone linakwenda wapi. Mimi nilifanya hivyo nikaona tone likiteremka hadi kwenye pindo la koti, likageuka chini ya pindo kama mtu anayepita kona, likaingia ndani ya glavu. Nilishonesha kipande cha kuongeza urefu, chenye mpira wa kubana kwenye kifundo cha mkono na kitanzi kidogo cha kuingiza kidole gumba ili kisirudi nyuma. Tatizo hilo halijanirudia.

Siku kavu ya baridi isiyo na mvua, geuza: glavu iwe juu ya koti, maana hapo adui ni upepo unaoingia mkononi na kupanda hadi kwapani.

Muuguzi wa Mbeya amejibu:

Dada yangu, nimesoma ulichoandika kuhusu maumivu kupotea nikaona nisinyamaze. Ndugu waliotangulia wameeleza vizuri upande wa vifaa, nami nitasema machache ya mwili.

Mwili hujitahidi kwa kila hali kuweka moyo, mapafu na ubongo katika nyuzijoto karibu 37. Unapohisi kwamba kifua kinapoa, hubana mishipa midogo ya vidoleni na kuzuia damu ya moto isiende kule, kama mtu anayefunga madirisha ya vyumba vya pembeni ili sebule isipoe. Kwa hiyo mikono inaweza kufa ganzi kwa kosa la kifua na shingo, hata glavu ziwe za namna gani. Jaribu kuweka kitu kisichopitisha upepo mbele ya kifua chini ya jaketi, hata kama ni gazeti lililokunjwa, na ufunge shingo vizuri kwa skafu. Halafu linda vifundo vya mikono, mahali ambapo damu hupita karibu sana na ngozi: soksi ya zamani iliyokatwa ncha, ukaitobolea tundu la kidole gumba, ukaivaa chini ya glavu, inafanya kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Na usitoke bila kula. Bakuli la uji wa moto ni mafuta ya safari kama yale yaliyo kwenye tangi.

Vitazame vidole vyako ukifika. Vikiwa vyekundu na vinauma, hiyo ni baridi ya kawaida. Vikiwa vinageuka kuwa na weupe wenye mpaka ulio wazi, baadaye vikawa na rangi kama ya samawati, kisha vikaiva wekundu damu inaporudi, na hasa ikiwa inakutokea hata unapoosha mikono kwa maji ya baridi nyumbani, nenda kituo cha afya ukaeleze. Ipo hali ya mishipa ya vidole kubana kupita kiasi, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mtikisiko wa mashine ukishikwa kwa miaka huweza kuileta au kuizidisha. Kwa ngozi zetu nyeusi weupe huo huonekana vizuri zaidi chini ya kucha na upande wa ndani wa vidole, kwa hiyo tazama huko. Kama unatumia dawa za presha, mtajie daktari, kwani baadhi yake hupunguza damu ya vidoleni, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Sigara hubana mishipa. Ulanzi na pombe nyingine hufanya kinyume, hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajiona amepata joto wakati anapoteza lile alilokuwa nalo, bila kutaja hatari ya kuendesha akiwa amekunywa.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Vidole vikiwa vimekufa ganzi usivipeleke kwenye moto, wala usivishike kwenye injini au bomba la moshi. Nimefunga vidonda vya kijana aliyeweka mikono kwenye bomba la moshi la pikipiki yake ili aipashe, na hakujua kwamba ngozi inaungua mpaka aliposikia harufu. Viweke kwapani, au kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko chake, kwa kuwa mkono wako hauwezi kupima chochote wakati huo. Na ukikaribishwa kuota moto wa jiko la mkaa, mlango uachwe wazi, maana hewa yake yenye sumu haina harufu na imeua watu wengi katika mikoa yetu ya baridi.

Fundi Umeme, Makambako, amejibu:

Kwa upande wa vishikio vya umeme nitakuwa mfupi. Jozi moja hutumia kama wati 30 hadi 40, yaani sawa na kuwasha taa kubwa nyingine kama ile ya mbele. Pikipiki ya cc 125 ina mfumo mdogo wa chaji, na asubuhi ya ukungu taa yako ya mbele tayari inawaka muda wote. Kwenye mwendo mzuri wa barabara huenda ukamudu, lakini kwenye njia za shamba ambako injini inazunguka polepole, betri itatoa kuliko inavyopokea. Ukiamua kuvifunga, umeme wake upite kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayowaka pamoja na ufunguo, usiunganishwe moja kwa moja na betri, na uweke fyuzi ya ampea 5. Pima volti za betri injini ikiwa inazunguka polepole na vishikio vikiwa vimewashwa. Zikishuka chini ya 12.5, zima. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba ufunge kwanza vifuniko alivyosema fundi wa Kinangop. Kishikio cha moto kisicho na kifuniko hupasha kiganja tu, huku mgongo wa mkono na vidole vikibaki kwenye upepo.

Bibi Shamba wa Uwemba ameandika tena, baada ya majuma matatu:

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa mmenifanyia wema ambao siwezi kuupokea kimya.

Nilianza na lile jaribio la kikombe cha maji. Mwanangu alipanda juu ya kigoda akanimwagia begani, na tone lilikwenda vilevile kama ndugu wa Birmingham alivyosema: likafika kwenye pindo, likapinda chini, likaingia. Mkono wa koti ulikuwa umerudi nyuma kiasi cha kuonyesha saa yangu yote. Fundi cherehani aliniongezea kipande chenye mpira na kitanzi cha kidole gumba siku hiyohiyo.

Vifuniko nilishonewa mjini kwa mshonaji wa viti. Alitaka kuviacha laini, akasema waya ni usumbufu, nikamsomea maneno ya fundi wa Kinangop kutoka kwenye simu mpaka akakubali. Nilipokata usukani kulia injini ikapandisha mlio kweli, tukalegeza upande mmoja kisha ikatulia. Siku ya kwanza nilijiona kama nimefungwa, siku ya tatu nikasahau kwamba vipo. Sasa navaa glavu moja nyembamba ya sufi na soksi zilizokatwa kwenye vifundo, na ninahisi wenzo wa breki kwa kila kidole. Juzi palikuwa na sakitu tangu Uwemba hadi mbele, na nilipofika nilitoa kalamu mfukoni nikaandika jina la mkulima bila kusubiri. Yule mama aliyenikamulia glavu alinishika mikono kwanza, ndipo akanisalimu.

Kuhusu vidole, nimevitazama kama muuguzi alivyoagiza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vinakuwa vyeupe kwa ndani hata ninapoosha vyombo. Nimepanga kwenda kituo cha afya Jumatatu, na nakushukuru sana dada kwa kuniambia mahali pa kutazama.

Limebaki swali moja dogo. Zile glavu zangu za ngozi bado nazipenda kwa siku kavu, lakini zimelowa tena na zimekuwa ngumu kama ganda baada ya kuzianika karibu na jiko. Je, zinaokoleka?

Fundi wa Kinangop amejibu:

Nimefurahi sana, dada, na hasa kwa kumsimamia huyo mshonaji. Ngozi iliyokaushwa na moto hupoteza mafuta yake ndipo inakuwa kama ganda, na ikishapasuka hairudi, lakini ikiwa bado haijapasuka ijaribu. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, ukikamue, kisha uifute glavu mpaka ilainike kidogo. Ivae mkononi ukifumba na kufumbua ngumi ili ipate umbo lake, halafu ipake mafuta ya kutunzia ngozi au nta ya nyuki kwa tabaka jembamba, ukisugua zaidi kwenye mishono, kwa kuwa huko ndiko maji hupenyea. Ijaze karatasi za gazeti ndani, uitundike kivulini penye upepo, na ubadilishe karatasi jioni na asubuhi. Itachukua siku mbili, hakuna njia ya mkato. Jikoni usiirudishe tena.